Zao la Ng'ambo ya Mto

Murongo, mto Kagera ndio mpaka. Huku ni Kyerwa, mkoani Kagera, Tanzania, kule ni Kikagati, Uganda, na bwawa la megawati 14 lililojengwa hapo linagawa umeme wake kwa nchi zote mbili. Ukiufuata mto kuelekea unakotoka, kitambo si kirefu ng'ambo inaacha kuwa Uganda na kuwa Rwanda. Migomba ni ileile, vilima ni vilevile, Mnyambo wa huku na Mnyankole wa kule wanasikilizana bila mkalimani. Kinachobadilika ukishavuka ni sheria. Kwa mmea mmoja, sheria hizo zimeachana kiasi kwamba jani lilelile linaweza kuwa bidhaa ya kuuza nje kwenye ukingo mmoja, na kifungo cha miaka 30 kwenye ukingo wa pili.

Mmea wenyewe ni bangi. Hempu, au bangi ya viwandani kama magazeti yanavyopenda kuiita, si mmea mwingine. Kwa wataalamu wa mimea zote mbili ni Cannabis sativa, na kinachozitenga ni kiasi cha THC, kemikali inayolevya. Marekani imeweka kikomo cha asilimia 0.3, na Umoja wa Ulaya ukapandisha chake kutoka 0.2 hadi hapohapo mwaka 2023. Bangi ya kuvuta huweza kupita asilimia 10. Mstari huo wa tofauti hauonekani kwa macho. Askari aliyesimama kando ya shamba hawezi kuuona, jirani hawezi, na mkulima mwenyewe hawezi; ni lazima sampuli iende maabara.

Hempu hiyo isiyolevya ina kazi nyingi. Maganda ya shina hutoa nyuzi za kamba, turubai, nguo na karatasi. Kiini cha shina hukatwakatwa kikawa matandiko ya mifugo au kuchanganywa na chokaa kwa kujengea. Mbegu hukamuliwa mafuta. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1961 kuhusu dawa za kulevya, ambao ndio baba wa sheria nyingi za bangi duniani, wenyewe unasema katika kifungu cha 28 kwamba hauhusu bangi inayolimwa kwa ajili ya viwanda tu, yaani nyuzi na mbegu. Mlango uliachwa wazi tangu siku ya kwanza. Kila nchi ikaamua yenyewe kama itaupita.

Tanzania haijaupita. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015, iliyounda Mamlaka inayojulikana kwa kifupi chake cha DCEA, inaweka bangi katika orodha moja na mipopi, koka na mirungi, na haikumtengea mkulima wa nyuzi nafasi yoyote. Hoja ya kulima kwa kibali imewahi kusikika bungeni na ikaishia humohumo. Wala si jambo geni kwa Mtanzania wa mpakani kuona zao linalomfunga yeye likimtajirisha jirani: milimani Same mirungi hung'olewa na kuchomwa na maofisa, huku Meru, Kenya, ikiuzwa mchana kweupe na kutungiwa kanuni za serikali.

Ng'ambo ya Kagera mambo yalianza kusogea mwishoni mwa miaka ya 2010. Hima, wilayani Kasese, kampuni ya Industrial Hemp Uganda na mshirika wake kutoka Israel, Together Pharma, zilijenga vitalu nyumba na kulima bangi ya dawa, na mwaka 2020 mzigo ukatangazwa kupelekwa Israel. Sheria ya Uganda yenyewe ilikuwa na kisa chake. Mei 2023 Mahakama ya Katiba iliifuta kwa sababu siku ilipopitishwa wabunge hawakutimia akidi, na waliokwenda mahakamani hawakuwa watu wa bangi hata kidogo, bali chama cha wakulima na wafanyabiashara wa miraa wa Wakiso. Bunge likapitisha nyingine mwaka huohuo.

Rwanda ilikwenda kwa mpango wake wa kawaida, yaani taratibu na kwa karatasi. Baraza la Mawaziri liliridhia miongozo Oktoba 2020, na amri ya waziri ikafuata mwaka 2021: kulima ni kwa kuuza nje na kwa dawa tu, na anayevuta ndani ya nchi bado ni mhalifu. Eneo la kulimia likatengwa Musanze. Kusini zaidi, Malawi ilipitisha sheria yake Februari 2020, ikitafuta kitu cha kushika nafasi ya tumbaku, na mwaka uliofuata serikali ikamwandikia barua bondia Mike Tyson ikimwomba awe balozi wa zao hilo. Zambia nayo ikatunga sheria mbili kwa mpigo mwaka 2021, moja ya bangi na nyingine ya hempu.

Habari za namna hii hazihitaji pasi kuvuka mto. Mtu wa Kyerwa akisikia kwamba Mnyarwanda anaruhusiwa, swali linalomjia ni jepesi: kwa nini si mimi? Ardhi yangu na yake ni moja. Ila lipo swali lingine analopaswa kuliuliza kabla ya hilo: ni Mnyarwanda yupi anayeruhusiwa?

Masharti ya Rwanda yanajibu. Mwenye leseni anatakiwa kuwa na uzio maradufu, minara ya walinzi, taa za usiku na kamera. Malawi nako leseni hulipiwa kwa dola, tena kwa maelfu. Hakuna mwenye kibanja cha migomba na mibuni anayeweza kusimamisha mnara wa mlinzi katikati ya migomba yake. Zao lililohalalishwa kwa mtindo huo linamhitaji mwanakijiji kama kibarua wa kupalilia ndani ya uzio wa mwingine. Kibarua ni kazi na si vibaya kuwa nayo, lakini ni tofauti kabisa na kulima.

Tuseme, kwa hoja tu, kwamba sheria imefunguka na masharti yamelegezwa hadi hempu ya nyuzi ikaruhusiwa bila minara. Hapo ndipo jua la Karagwe linapoingia katika hesabu.

Hempu husoma urefu wa siku. Siku zikiwa ndefu hurefuka, na zikipungua hadi chini ya saa 14 hivi za mwanga, aina nyingi za Ulaya huacha kurefuka na kuanza kutoa maua. Ufaransa ya kaskazini, Juni, mwanga hudumu kama saa 16, na shina linalopata miezi mitatu ya namna hiyo huweza kufikia urefu wa watu wawili waliopandana mabegani. Karagwe ipo nyuzi moja na nusu kusini mwa ikweta. Jua huchomoza karibu saa moja asubuhi na kuzama karibu saa moja jioni, Januari kama Juni, na tofauti ya siku ndefu kuliko zote na fupi kuliko zote haifiki robo saa. Mbegu ya Kifaransa ikipandwa Nyaishozi itadhani, tangu siku inapochipua, kwamba kiangazi kimekwisha. Itatoa maua ikiwa ya magotini. Nyuzi za mmea wa magotini hazimvutii mwenye kiwanda yeyote.

Mimea ya jamii hiyo inayorefuka vizuri karibu na ikweta ipo, na polisi wanaijua: ni bangi ya kienyeji, iliyozoea siku za saa 12 kwa vizazi vingi. Hiyo hupita kikomo cha THC kwa mbali. Kwa maneno mengine, inayofaa kisheria haifai kwa jua letu, na inayofaa kwa jua haifai kisheria. Yunnan kusini mwa China na milima ya kaskazini mwa Thailand wamezalisha mbegu zenye THC ndogo zinazovumilia siku fupi kidogo, na huko ndiko mtafiti wa Kagera angeanzia. Hata huko bado ni mbali na ikweta kuliko hapa.

Kuna upepo pia. Mimea ya hempu kwa asili ina dume na jike, na chavua ya dume husafiri kilomita nyingi hewani. Mto Kagera hauwezi kuizuia. Shamba la mbegu safi lililo jirani na kichaka cha bangi ya siri litazaa mbegu za msimu ujao ambazo hakuna anayejua zitatoa nini.

Kuhusu udongo, matangazo husema hempu inaota popote, haitaki mbolea. Wanaoilima kwa nyuzi hawasemi hivyo. Huweka kilo mia moja hivi za nitrojeni kwa hekta, na wanataka udongo usiotuamisha maji wala kuwa na tindikali nyingi. Kagera ardhi ya namna hiyo ni kibanja chenyewe, kilichorutubishwa kwa samadi na majani ya migomba tangu enzi za mababu, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeng'oa migomba kupanda kamba. Nyasini, kwenye ardhi iliyochoka, ndiko kungebaki. Na tangu 2019 sehemu ya nyika za huku zimo ndani ya hifadhi za taifa za Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe.

Sasa shina limekatwa. Watu wengi hudhani hapo kazi imekwisha, kumbe ndiyo inaanza. Nyuzi zimegandishwa kwenye kiini na gundi ya asili, na gundi hiyo huondolewa kwa kuozesha. Mashina hulazwa shambani wiki mbili hadi sita, umande na ukungu vikiyala, na mkulima anayageuza ili yaive sawasawa. Kila baada ya siku chache huchukua shina moja, hulivunja kwa vidole na kujaribu kuchuna utepe wa ganda kutoka juu hadi chini. Ukikatika njiani, bado. Ukichunika mzima na kiini kikabaki cheupe na kikavu, ni wakati wa kukusanya. Akichelewa siku chache na mvua ikamkuta, nyuzi zenyewe zinaoza na hasara ni yake. Njia ya pili ni kuzamisha mashina bwawani, ambayo huenda haraka, lakini maji yake hunuka na samaki hufa. Kyerwa, ambako bwawa moja hunywesha ng'ombe wa vitongoji vitatu, mwenye wazo hilo angeitwa kwa mtendaji wa kijiji kabla ya jua kuzama.

Kisha mashine. Shina lililoiva hupondwa, na katika kila tani inayoingia, nyuzi ni robo hivi au kuzidi kidogo. Lori lililojaa mashina limebeba hewa na kuni. Ndiyo maana viwanda vya hempu hupokea mzigo kutoka mashamba ya karibu tu. Kagera hili halihitaji mhadhara: miwa ya Kagera Sugar hulimwa Missenyi kwa sababu kinu kipo Missenyi, na hakuna sababu ya mtu wa Nkwenda kupanda miwa ya kinu hicho hata kama inamea vizuri kiasi gani. Dar es Salaam ipo zaidi ya kilomita 1,300 kutoka hapa. Hakuna nyuzi zinazoweza kulipa nauli hiyo zikiwa bado ndani ya shina.

Taifa hili lina uzoefu wake wa nyuzi, nao hauko Kagera bali Tanga. Mkonge ulifika kutoka Marekani mwaka 1893, na kufikia 1964 nchi ilikuwa ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Kisha zikaja kamba za plastiki. Mashine za kuchakata mkonge, korona, zilinyamaza shamba baada ya shamba, na zao halijarudi pale lilipokuwa hadi leo. Hempu ingeshindana na plastiki ileile, na juu yake ingeshindana na mkonge.

Palipofanikiwa pana jambo moja la kujifunza, nalo ni umiliki. Ufaransa haikuwahi kupiga hempu marufuku moja kwa moja, na katika jimbo la Aube, tangu miaka ya 1970, wakulima wana ushirika wao, La Chanvrière, wenye kiwanda chake. Hawapandi hekta ambayo kiwanda hakijaiagiza. Watu wa Kagera wanalijua wazo hilo vizuri. Chama cha Ushirika cha Bukoba kilisajiliwa 1950, chama kikuu cha ushirika cha Karagwe, KDCU, kikazaliwa 1990, na TANICA, kiwanda cha kahawa ya unga cha Bukoba kilichoanza miaka ya 1960, ni kiwanda ambacho vyama hivyo vya ushirika vina hisa ndani yake. Mtu anaweza kulalamika kuhusu uendeshaji wake mpaka kesho, na wengi hulalamika, lakini kiwanda kipo na zao lake lipo.

Palipoharibika ni Marekani. Sheria ya kilimo ya Desemba 2018 iliruhusu hempu nchi nzima, na wakulima wa tumbaku wa Kentucky na wengineo wakaikimbilia, si kwa nyuzi bali kwa mafuta ya CBD, kemikali nyingine ya mmea huohuo, yaliyokuwa na bei ya ajabu. Mwaka 2019 vibali vilifunika zaidi ya ekari 500,000. Wanunuzi hawakutosha kwa mazao yote hayo. GenCanna, mnunuzi mkubwa wa Kentucky, aliingia katika ufilisi mapema 2020 huku akidaiwa na wakulima. Takwimu za wizara ya kilimo zinaonyesha thamani ya hempu yote ya nchi ikishuka kutoka dola milioni 824 mwaka 2021 hadi milioni 238 mwaka 2022. Hao ni watu wenye matrekta, mawakili na benki.

Kagera ilikwisha kuonja kitu cha namna hiyo kwa kipimo kidogo, kwa jina la vanila. Aprili 2000 kimbunga Hudah kiliipiga Madagascar, bei ikaanza kupanda, na kufikia 2003 kilo ya vanila iliyokaushwa ilikuwa inakaribia dola 500. Uganda na Bukoba watu walipandisha marando ya vanila juu ya mibono iliyosimamishwa kati ya migomba. Ua la vanila hufunguka asubuhi moja tu, na huku hakuna nyuki wa kulichavusha, kwa hiyo mtu hupita alfajiri na kijiti chembamba, ua kwa ua. Wezi wakaja, wakulima wakalala shambani na mapanga, wengine wakachuma maganda mabichi kabla hayajaibiwa. Mwaka 2005 bei ilikuwa imeanguka chini ya dola 50. Waliobaki na vanila hadi leo ni wale ambao hawakung'oa mibuni yao.

Na hiyo mibuni ndiyo shule kubwa kuliko zote. Karagwe na Kyerwa, wilaya mbili zilizokuwa moja hadi 2012, zinaishi kwa robusta, na kila mtu humo anajua maana ya butura, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Januari ada inadaiwa, kahawa bado ni ya kijani mtini. Anakuja kijana wa pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Za huko?"

"Nzuri mzee. Nimesikia watoto wanarudi shule. Nikuachie laki mbili, mwezi wa sita unanipa gunia tatu."

Mazungumzo hayazidi dakika tano na hakuna kinachoandikwa. Msimu ukifika, magunia yale hayapiti kwenye mizani ya chama cha msingi, AMCOS. Mengi huteremka usiku kuelekea mtoni na kulala Uganda, ambako soko liliachwa huru tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Serikali imepiga marufuku butura mara nyingi kuliko inavyoweza kuhesabu. Mwaka 2018 iliamua kahawa yote ipitie vyama vya ushirika na mnadani. Kilichopunguza magendo kuliko matamko, kwa maoni ya mwandishi huyu, ni bei: robusta ilipopita dola 5,000 kwa tani katika soko la London mwaka 2024, na minada ikawa inafanyika karibu na mkulima, sababu ya kuvuka mto ikapungua.

Sasa weka hempu mahali pa kahawa katika mazungumzo yale. Mkulima aliyekosa ada anakubali fedha kwa zao lenye mnunuzi mmoja tu, mwenye leseni. Kahawa akizuiwa huku ataivusha. Hempu hawezi, kwa sababu ng'ambo pia inahitaji leseni, na njiani katikati ni dawa za kulevya. Mwenye karatasi ndiye mwenye bei, na hana mshindani hata wa magendo. Butura ya kahawa inaacha mlango wa nyuma, hii haina.

Hata hivyo mambo haya si sababu ya kutofanya utafiti. Kituo cha utafiti cha Maruku kipo si mbali na Bukoba, na kina historia ya kazi ya aina hiyohiyo. Mnyauko wa mibuni ulipogundulika Kagera mwaka 1997, watafiti walianza kutafuta robusta inayouvumilia, na mwaka 2011 taasisi ya utafiti wa kahawa, TaCRI, ikatoa aina nne: Maruku 1, Maruku 2, Bukoba 1 na Muleba 1. Ilichukua miaka 14, kwa zao ambalo mkoa mzima ulilijua, lenye miche ya kuchagulia katika kila kibanja, lisilohitaji ruhusa ya mtu. Hempu ya ikweta ingeanza na mbegu za kuagiza, nyuma ya uzio, kwa kibali cha Mamlaka ambayo kazi yake ya kila siku ni kuuchoma mmea huo.

Ikishapatikana mbegu, kila shamba lingepimwa kabla ya kuvunwa. Sampuli zingeondoka Kayanga au Rubwera kwenda maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ya Kanda ya Ziwa, Mwanza, ng'ambo ya ziwa, na majibu yangepaswa kurudi kabla shina halijakomaa kupita kiasi, kwa kuwa THC huongezeka kadiri ua linavyokaa. Mbegu chafu huipandisha pia. Marekani mavuno ya shamba lililovuka kikomo hayaruhusiwi kuingia sokoni yalivyo, na bima ya serikali ilipoanza kuandikisha wakulima wa hempu mwaka 2020 iliorodhesha mvua ya mawe, ukame na magonjwa kuwa majanga yanayolipwa, lakini THC iliyozidi ikaitaja wazi kuwa haimo. Hasara hiyo ilibaki kwa aliyepanda.